Mkono Unaopiga Hodi

Mwanangu Esha,

Barua zote nilizoandika tangu nitoke kwetu Newala nimezianza kwa maneno yaleyale: mimi huku sijambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Hii siwezi kuianza hivyo. Kwanza bado hujawa mbali. Umekwenda hapo Msimbazi tu kumuaga Bibi Mwanahawa, na basi la Kusini ni kesho alfajiri. Pili mimi si mzima sana, shingo yangu unaijua. Basi nimekaa kitandani, nimeweka daftari langu la kisomo juu ya sanduku lako la bati, naandika kabla hujarudi. Mama yako yuko uani anakaanga maandazi yako ya njiani na kila mara anakuja kuchungulia ninaandika nini. Ukiona karatasi ina madoa, ni mafuta ya vidole vyake, usidhani ni machozi.

Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kutoazimana nguo na wenzako, ameyasema yeye tangu juzi na atayasema mpaka basi liondoke. Mimi nina jambo moja. Wiki tatu sasa tunakaa chumba kimoja, unaniamkia, nakuitikia, unaniwekea chakula, lakini hunisemeshi. Sikulaumu. Nataka uondoke ukijua ukweli wa lile neno nililosema sokoni. Sitaki ukae huko unajifunza kazi, na moyoni umeweka kwamba baba yako anaionea haya.

Itabidi nianze mbali kidogo.

Umezaliwa ukawakuta watu wananiita Greda, ukadhani ni kwa sababu ya mizigo. Sivyo. Zamani, kabla hawajajenga soko hili jipya, sisi wachukuzi wa Kariakoo tulikuwa na dawa yetu. Ukibeba magunia ya mchele kutoka kwenye lori mpaka maghala ya Mchafukoge, ikifika saa nane mgongo unagoma. Hospitali hatukwenda. Tulikanyagana. Mtu analala kifudifudi juu ya magunia matupu, mwenzake anampanda kwa miguu, anatembea kutoka kiunoni mpaka mabegani, kisha anamkamata mkono na kuuvuta mpaka kiungo kilie ko. Mimi nilikuwa na mwili mkubwa na nyayo ngumu, nikawa fundi. Walinipangia foleni. Nikipita mgongoni kwa mtu akaguna kama lori linapanda mlima, wenzake wanapiga makofi: "Greda linachonga barabara!" Nilijiona daktari, Esha. Nilikuwa na kanuni moja tu: mtu asipopiga kelele, dawa haijaingia.

Chitanda unamjua. Ni yule muuza karanga wa kwenye mlango wa soko, upande wa ndizi, mwenye bega lililoshuka. Ambacho hukijui ni kwamba alikuwa mchukuzi, tena alinizidi nguvu. Tulitoka naye kwetu siku moja, kwa miguu mpaka Lindi, tukaingia mji huu tukiwa na blanketi moja wawili sisi. Siku moja bega lilimkaza akaja kulala kwenye magunia yangu. Nikaweka goti kwenye ubapa wa bega, nikashika mkono. Akasema, "Basi, Greda." Nikamjibu, "Vumilia, wewe si mwanamume?" Watu wakacheka. Akasema tena, "Basi, ndugu yangu, basi." Nikavuta.

Kilichosikika hakikuwa ko. Kilikuwa kama kanga inachanwa.

Tangu siku hiyo mkono wake haujapita usawa wa kifua. Na mchukuzi asiyeweza kupandisha gunia begani si mchukuzi tena. Yeye akaanza kuuza karanga, mimi nikaanza kununua karanga. Kila siku ya Mungu, hata siku meno yanapouma. Hatukuwahi kulizungumza. Yeye anapima, mimi napokea, ananiambia, "Karibu tena, Greda." Miaka ile ya utoto wako ulikuwa unaingiza mkono mfukoni mwangu unakuta karanga, unafurahi kwamba baba amekukumbuka. Nilikuwa nakukumbuka, hilo usilitilie shaka. Lakini karanga zilikuwa za Chitanda.

Halafu ukaja wewe na mikono yako.

Mama yako alipojifungua mdogo wako, Bibi Mwanahawa alikuja kumkanda kwa maji ya moto, kama desturi, siku arobaini. Siku arobaini zikaisha, wewe ukaendelea kwenda kwake kila ukitoka shule. Nilikuuliza unafanya nini huko, ukaniambia unajifunza kuweka mkono. Nikasema, mkono unawekwa, kuna nini cha kujifunza? Mwisho nikaenda kukurudisha nyumbani.

Siku hiyo hujawahi kunisikia nikiisimulia. Nilisimama kibarazani, nje ya pazia. Ndani mlikuwa na yule mama wa Mchikichini aliyepoteza mtoto wakati wa kuzaa, mgongo ukamkauka kama ubao, akawa hapati usingizi. Nikasikia sauti yako ndogo ikisema, "Hodi." Baada ya kitambo, tena, "Hodi." Nikacheka peke yangu. Bibi Mwanahawa akatoka mzimamzima.

"Baba Esha, unacheka nini kibarazani kwangu?"

"Nisamehe, Bibi. Nimemsikia mwanangu anapiga hodi mahali pasipo na mlango."

"Ehe! Na wewe hapa umeingia kwa hodi?"

"Hapana, sikupiga."

"Nilijua. Haya niambie, ukienda kwa mtu ukapiga hodi mara tatu usijibiwe, unafanyaje?"

"Narudi kwetu."

"Basi na mkono ni hivyohivyo. Mwili wa mtu ni nyumba yake. Huyo aliyemo humo kafunga milango yote na madirisha. Nimpelekee mkono wa polisi ukavunje? Mtoto anaweka kiganja, anangoja. Nyama ikilegea, kakaribishwa. Mara tatu isipolegea, anaondoa mkono, wanakunywa chai, wanajaribu kesho."

"Na watu wanakubali kungojewa hivyo?"

"Wanawake wanakubali. Ninyi ndio mnataka kusagwa kama mahindi. Ukae unywe chai, au uende zako, lakini usinichekee mlangoni."

Nikakaa nikanywa chai. Nikamsikia yule mama akishusha pumzi moja ndefu, kisha akaanza kulia polepole. Hukumwambia nyamaza. Hukumwambia vumilia. Nilikuja kukuchukua, nikaondoka peke yangu. Kurudi nikapita mlango wa ndizi, nikashindwa kumtazama Chitanda usoni. Mtu yule aliniambia basi mara mbili, nami nilikuwa ndani ya nyumba yake na viatu.

Ningekuwa mtu mwenye akili ya haraka ningekuja kukusifu jioni ileile. Sikuja. Sisi wengine jambo linatuingia taratibu kama maji kwenye gunia la chumvi.

Mwaka jana, baada ya mfungo, shingo yangu ilikataa kugeuka kabisa, unakumbuka. Ukamwomba ruhusa mama yako, akakaa pembeni, nikalala mkekani, ukashika kichwa changu kwa viganja viwili. Nikangoja uvute. Hukuvuta. Nikakwambia, "Esha, vuta basi, kesho nina lori la saruji." Ukasema, "Baba, pumua tu." Nikasema, "Napumua tangu nizaliwe." Mama yako akacheka, wewe hukucheka, ukaendelea kungoja. Sijui tulikaa muda gani. Nakumbuka nilihisi kichwa kinakuwa kizito, kama si changu, na ghafla nikamwona baba yangu.

Sijawahi kukusimulia kifo chake. Barua ilinifikia nikiwa na gunia begani. Aliyeileta akanisomea palepale, maana wakati ule sikuwa nasoma sawasawa. Nikamwambia, itie mfukoni mwangu. Nikamaliza lori zima. Matangani sikwenda. Niliwaambia watu mvua imekata barabara, na kweli mvua ilikuwa imekata barabara, lakini hata kiangazi sikwenda. Niliogopa kufika mikono mitupu, nikiwa mtu aliyetoka kwa kelele kwamba anakwenda mjini. Mpaka leo kaburi la baba yangu sijaliona.

Kama shingo inaweza kuweka matanga ndani, mimi sijui. Ni mtu wa darasa la nne na kisomo cha jioni. Najua tu kwamba niliinuka mkekani mashavu yamelowa, na shingo ikageuka mpaka dirishani. Na badala ya kukushukuru nikasema, "Usiniguse tena." Nilikuona ulivyokunja mikono yako chini ya kanga, kama mtu aliyevunja kitu cha watu. Hukuvunja kitu. Nilikuwa sijazoea kukutwa nyumbani, Esha. Na aliyenikuta ni mwanangu niliyembeba.

Sasa nije kwenye lile neno.

Barua ya hospitali ilipokuja niliisoma mwenyewe, kwa kidole, mstari baada ya mstari. Ilikuwa barua ya kwanza ya ofisi niliyoisoma bila kumwomba mtu. Imeandikwa umechaguliwa kwa mafunzo ya viungo, miaka miwili. Nikadhani viungo vya pilau, nikamwambia mama yako, jamani wanampeleka kupika. Alipomaliza kucheka akanieleza: watoto waliopooza miguu, wazee waliokufa ganzi vidole, watu waliopatwa na msiba mwili ukawafunga, kuna mahali wanafundisha kuwashika polepole, na mama wa kliniki ndiye aliyekupendekeza, baada ya kuona wanawake wanaotoka kwa Bibi Mwanahawa. Nikaikunja barua ile nikalala nayo chini ya mto. Mama yako atakwambia.

Kwa hiyo usidhani sikujivunia. Nilijivunia mpaka nikakosa usingizi. Ndiyo maana nilichofanya sokoni kinaniuma.

Tulikuwa tunashusha mchele wa Mangi Kasiani, yule Mchaga wa duka la jumla. Akaniuliza mbele za watu, "Mzee Greda, nasikia binti anakwenda Kusini. Kuolewa?"

Nikasema, "Anakwenda kusomea unesi."

"Ahaa. Mimi nilisikia ni mambo ya kukandakanda."

Vijana wakacheka kile kicheko unachokijua, cha kuifanya kazi ya mikono ya mwanamke kuwa jambo la aibu la vichochoroni.

Nikasema tena, "Unesi, bwana. Unesi."

Chitanda alikuwa anapita na ungo wake. Akasema tu, "Greda, geuka." Nikageuka. Kumbe umesimama nyuma yangu na bakuli langu limefungwa kitambaa. Ukaliweka juu ya gunia kwa mikono miwili, ukasema, "Karibu chakula, baba," ukaondoka. Ugali ule sikuumaliza.

Niliogopa kicheko, hiyo ni sababu ya kwanza na ni ya aibu. Ya pili ni mbaya zaidi. Nikikubali mbele ya wachukuzi wote kwamba mkono unaongoja ndio unaotibu, je, mimi Greda nilikuwa nani miaka yote ile? Mwanangu akiwa sawa, Chitanda naye alikuwa sawa. Ilikuwa rahisi kukufanya nesi.

Kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda. Kabla hawajafungua turubai la lori la kwanza nilipanda juu ya mizani ya Kasiani, ili wanione, nikasema: "Jamani, nilidanganya. Binti yangu hasomei unesi. Anakwenda kusomea kukanda watu. Ni mkandaji, na hospitali yenyewe imemwita."

Kasiani akasema, "Sasa mzee, hilo ndilo la kunipandia mizani? Shuka, utaiua."

Kijana mmoja akapaza sauti, "Aje atukande na sisi!"

"Wewe kaoge kwanza," nikamwambia. Wakacheka, lakini safari hii kicheko nilikiweza.

Nikashuka nikaenda kuchuchumaa mbele ya ungo wa Chitanda. Magoti yanalia, umri. Nikamwambia, "Chitanda, siku ile ulisema basi."

Aliendelea kufunga karanga kwenye vikaratasi. "Nilisema mara mbili."

"Nilisikia zote mbili."

"Najua ulisikia. Ungekuwa hukusikia ningekusamehe siku ileile." Akafunga nyingine. "Miaka yote hii ulidhani unaninunua kwa karanga?"

"Nilidhani hivyo."

"Karanga zangu ni nzuri, Greda. Ungenunua hata bila dhambi."

Nikamwomba aje leo umwekee mkono kabla hujaondoka. Akasema ataona.

Huko unakokwenda ni mwendo wa siku moja tu kutoka lilipo kaburi la babu yako. Sikutumi. Mambo yangu nisiyatwike kichwani kwako, mzigo huo ni wangu. Nakueleza ili ukisikia watu wanaitaja Newala ujue ndiko alikolala. Na ukikutana huko na mtu mkubwa, mwenye sauti, anakwambia vuta bwana nina kazi kesho, usimchukie. Huenda ana barua mfukoni.

Nasikia sauti yako uani. Na ya mwanamume. Ngoja niweke kalamu.

Nimerudi. Wewe umetoka kumsindikiza Chitanda mpaka barabarani, nami namalizia upesi. Yaliyotokea umeyaona, lakini nayaandika, maana wewe ulikuwa unatazama bega na hukuniona mimi.

Alipoketi kwenye kigoda, kabla hujamgusa, alikwambia, "Baba yako leo kapanda mizani akakunadi kama beberu." Ukanitazama. Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Wiki tatu nilikuwa sijakisikia kicheko hicho, na sikujua kwamba nimekikosa kiasi hicho mpaka kiliporudi. Ukaweka kiganja begani kwake, ukangoja. Kisha ukaniita.

"Baba, njoo. Weka mkono wako chini ya kiwiko chake."

Nikarudi nyuma. Nikakwambia mimi na bega hilo tuna kesi.

Chitanda akasema, "Mwache, Esha. Ataking'oa kilichobaki."

"Hang'oi kitu," ukasema. "Baba, usinyanyue. Beba tu."

Nimebeba mchele, nimebeba saruji na pamba, nimebeba kabati la Kasiani na mke wake akiling'ang'ania ili lisikwaruzike. Kila mara naambiwa nyanyua, peleka, tua, haraka. Sikuwahi kuambiwa beba tu. Nikaweka kiganja. Mkono wa mtu anayekuogopa ni mwepesi, mwanangu. Hauko kwako, ameushika mwenyewe. Tukakaa hivyo. Mama yako akasimama kututazama, maandazi manne yakaungua. Halafu, kidogo kidogo, mkono wa Chitanda ukaanza kuwa mzito. Ukazidi. Mpaka uzito wake wote ukawa kiganjani mwangu, na mwenyewe amefumba macho, anapumua.

Haukupanda juu. Hukumwahidi kwamba utapanda, na hilo nalo nililipenda. Lakini alikubali aubebe mtu aliyeuharibu, na wewe ndiye uliyetuweka hapo. Nimeishi mji huu nimeona wakubwa wengi wakipita kwenye magari. Sijaona mkubwa kama wewe ulivyosimama pale uani na kanga yako imefungwa kiunoni.

Nilifikiri niichane barua hii, maana mengi yameshasemwa. Nimeona niache. Naitia sanduku chini ya lile gauni la bluu, mama yako asije akaifungia maandazi.

Jambo la mwisho. Kesho kituoni watakuwepo watu wa Kusini wanaotujua, na lazima mmoja aulize binti anakwenda kusomea nini. Akiuliza, wewe nyamaza. Niachie mimi nimjibu.

Baba yako,
Athumani, mchukuzi